Wanachokililia wazee wa ngoma wa Marekani, na tulichokiacha sisi kimya kimya

Kila mwezi wa Agosti mji wa Indianapolis, ninakoishi, hujaa vijana waliobabuliwa na jua ambao huja kushindana katika fainali za vikosi vya ngoma na tarumbeta, na pamoja nao huja wazee waliokuwa vijana wa aina hiyo miaka 40 au 50 iliyopita. Vijana huja kupiga, wazee huja kulalamika. Nimewasikiliza wazee hawa kwa muda mrefu, kwa kuwa baadhi yao ni majirani na wafanyakazi wenzangu, na nimefikia maoni ambayo huenda yasiwapendeze wao wala ndugu zangu wa Dar es Salaam na Tanga: kilio chao kina msingi, lakini wanachokitaja kila siku sicho hasa walichopoteza, na walichopoteza ndicho hicho hicho tulichokuwa nacho sisi pwani, tukakiacha kiondoke bila hata kunung'unika.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuviona, vikosi hivi si bendi za shule. Havina zumari wala filimbi. Vina tarumbeta za shaba za ukubwa mbalimbali, ngoma za kila namna, na kundi la warusha bendera na bunduki za mbao. Vijana wasiozidi miaka 22 hujifunza onyesho moja la dakika kumi na kidogo, wote kwa kichwa bila karatasi, wakalipiga huku wakitembea, wakikimbia na kuchora maumbo juu ya uwanja wa mpira wa Kimarekani. Asili yake ni ya kijeshi: baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya askari wastaafu kama American Legion vilianzisha vikosi vya ngoma na buruji, yaani tarumbeta za kijeshi, vya wanachama wao, kisha vikaanza kuwafadhili watoto wa mitaa yao. Parokia za Kikatoliki na makundi ya maskauti yakafuata. Cavaliers wa Chicago, walioanza mwaka 1948, na Madison Scouts wa Wisconsin wote wametokana na uskauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vikosi vikubwa vilichoshwa na kanuni za vyama vya askari, vikaunda shirikisho lao, Drum Corps International, ambalo liliendesha fainali zake za kwanza mwaka 1972 katika mji mdogo wa Whitewater, Wisconsin. Anaheim Kingsmen wa California ndio waliotwaa ubingwa.

Malalamiko ya wazee huanza na sauti. Zamani, wanasema, buruji ilikuwa na sauti ya msingi ya G na vali (kitufe cha kubadili sauti) moja tu, baadaye mbili, na kuanzia mwaka 1990 tatu. Mwaka 2000 zikaruhusiwa ala za shaba za sauti yoyote ya msingi, na ule mlio mkali uliokuwa ukimpiga msikilizaji kifuani ukalainika ukawa kama wa orkesta. Mwaka 2004 vikaruhusiwa vipaza sauti, na mwaka 2009 vinanda vya umeme. Mzee mmoja anayekaa mtaa wa pili na kwangu huutaja mwaka 2009 kwa uso ule ule ambao watu wa rika la baba yangu huutumia wanapoutaja mwaka wa mgawo wa unga. Kwake, siku kijana wa kikosi alipobonyeza kitufe na mngurumo ukatoka kwenye spika badala ya kutoka kwenye mapafu ya watu, mchezo uliisha.

Katika hili siwaungi mkono sana. Marekani ni nchi inayohifadhi kila kitu, na sauti za vikosi hivi zimerekodiwa tangu enzi za santuri. Kampuni ya Fleetwood ya Massachusetts ilikuwa ikizitoa na kuziuza, na leo yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisikiliza. Nimezisikiliza. Zina moto kweli, na zipo sehemu ambapo umati unapiga kelele kabla muziki haujafika kileleni kwa sababu unajua kinachokuja. Lakini ala zinapishana, ngoma hazifungi pamoja, na mwendo ni wa mistari iliyonyooka ambayo askari yeyote wa gwaride angeimudu. Vijana wa leo hupiga muziki mgumu zaidi huku wakikimbia, na hufungana kwa sehemu ndogo sana za alama: mwaka 2008 Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, waliwashinda Blue Devils kwa alama 0.025. Mtu anayesema kwamba ufundi umeshuka anasikiliza ujana wake mwenyewe.

Jambo ambalo wazee hulitaja kwa kupita tu, kama vile ni la kando, ndilo ninaloliona zito. Waulize walijiunga vipi na kikosi, nao hawatataja usaili wala ada. Watakuambia kwamba kikosi kilikuwa mwisho wa mtaa, kwamba kaka alikuwemo, kwamba padri alimpa mama sare akaipunguze mikono. Argonne Rebels, waliofika fainali ya mwaka 1972 na kusifiwa kwa tarumbeta zao, walitoka Great Bend, mji mdogo katikati ya mashamba ya Kansas. 27th Lancers walitoka Revere, pembeni mwa Boston. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachoshindana leo, na hao Kingsmen mabingwa wa kwanza nao hawapo. Vilivyobaki ni vichache, na kila kimoja huokota vijana kutoka nchi nzima, hata kutoka Japani, kwa usaili mkali na kwa ada ya maelfu ya dola kwa msimu mmoja, nje ya nauli ya kufika mazoezini. Kijana wa familia ya kipato cha kawaida, anayehitaji kufanya kazi likizo ya kiangazi ili alipie masomo, huishia kutazama video. Jina la mji limebaki kwenye jina la kikosi, lakini watu wa mji huo wengi hawajui mazoezi yanafanyika wapi.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa safi. The Cadets, kikosi kilichozaliwa katika parokia ya Garfield, New Jersey, mwaka 1934, kilifunga milango mwaka 2024 kikiwa kimeelemewa na mzigo wa fedha na kesi iliyotokana na tuhuma za unyanyasaji wa kingono wa miaka ya nyuma. Wazee wanapoimba sifa za enzi ambapo mtoto alikabidhiwa kwa mkufunzi na mzazi hakuuliza swali, mimi huona kwamba wapo waliokuwa wakinyamazishwa wakati huo huo, na kwamba kanuni nyingi za leo wanazoziita usumbufu zimeletwa na machozi ya watu.

Sasa nije nyumbani. Mswahili anayesikia habari hizi, kama ana mzee wa kumsimulia, hawezi kukosa kuikumbuka beni. Ilianza mwishoni mwa karne ya 19 katika miji ya pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, ikaigiza bendi za kijeshi za Wazungu kwa ngoma, tarumbeta, sare na mwendo wa gwaride. Kisha askari wa pande zote mbili za vita vya 1914 hadi 1918 wakaisambaza bara hadi Kigoma na Ujiji na kuvuka ziwa kuingia Kongo. Huku Tanganyika vyama viwili vilitawala, Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na kingi wake na maofisa wake wenye vyeo vya kijeshi, na mwanachama aliyehamia mji mwingine alipokelewa na tawi la huko, akifiwa alizikiwa, akiwa na sherehe alichangiwa. Ushindani haukuamuliwa na mtu mwenye karatasi. Uliamuliwa na mtaa: nani amevaa vizuri zaidi, nani amechinja ng'ombe wengi zaidi, nani ametunga wimbo ambao wapinzani watashindwa kuujibu kesho yake. Serikali ya kikoloni iliwatazama kwa wasiwasi, nami naielewa, maana watu waliokuwa wamekatazwa kuwa na uongozi wao walikuwa wakijiteua majenerali mchana kweupe.

Huo ndio mtaa ambao wazee wa Indiana wanaulilia bila kuutaja, tena ukiwa mpana kuliko wao walivyowahi kuuona. Na uliondokaje? Vijana walihamia dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imeshaanzishwa mwaka 1932, na kucheza kwa sare za majeshi ya wakoloni kukaanza kuonekana ushamba, kisha, uhuru ulipokaribia, kukaonekana aibu. Hakuna aliyepiga kelele. Kitabu kikubwa cha historia ya beni kimeandikwa na Mwingereza, Terence Ranger, kikatoka mwaka 1975 kwa Kiingereza, na nimekutana na wajukuu wa Tanga ambao habari za babu zao watazipata humo kwanza kuliko nyumbani kwao.

Kizazi changu kilipata halaiki badala yake. Katika sherehe za Uhuru na Muungano, na kule Zanzibar za Mapinduzi, mamia ya watoto wa shule walichora maandishi na maumbo uwanjani kwa miili yao, na kwa kweli onyesho la uwanjani la Marekani halikunishangaza sana nilipoliona mara ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimewahi kuwa herufi. Tofauti ni kwamba hatukulipa hata senti, na pia hatukuulizwa kama tunataka. Vipindi vya darasani vilipotea kwa wiki nyingi, jua lilikuwa kali, na mwisho wake ulikuwa jukwaa kuu, si mtaa.

Kilichobaki mtaani ni matarumbeta ya harusi. Vijana sita au saba nyuma ya kirikuu, tarumbeta zimebonyea, ngoma imefungwa kwa kamba, wanaongoza msafara wa bibi harusi kupitia Magomeni huku watoto wakikimbia nyuma na wenye maduka wakitoka kucheza barazani. Wasomi wetu huwadharau. Ni kelele, wanasema, hawajui nota. Naam, wengi hawajui. Lakini nikiulizwa na mzee wa mtaa wa pili ni wapi duniani mtoto asiye na pesa bado anajifunza tarumbeta kwa sababu tu kaka yake anapiga, jibu langu ni pale nyuma ya kirikuu, na uwanja wenye paa na majaji waliojaa hesabu haumo katika jibu hilo.

Kwa hiyo naona Wamarekani wanapigania mlango usio wao. Kurudisha buruji za G hakutamrudisha kijana wa Great Bend. Ada nafuu na kikosi kidogo cha mji kinachotembea barabarani siku ya tarehe 4 Julai vingemrudisha, hata kama kingeshika nafasi ya mwisho kila mwaka. Na kwetu, halmashauri zinazotumia fedha kuleta wasanii wa jukwaani siku za sikukuu zingeweza kufunga barabara moja kwa jioni moja, zikawaachia wapiga matarumbeta wa kata mbili wapambane, watu wa mtaa wakiwa ndio waamuzi. Wapigaji wapo, barabara zipo, na namba zao za simu zimechorwa ubavuni mwa gari.