Nusu Mwezi ya Shangazi

Shangazi yangu anakaa Ngamiani, Tanga, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba, ukipotea, unahesabu. Mwezi ule alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Nyumba nzima ilishapakwa rangi, ikabaki pale juu ya mlango wa mbele tu, penye tundu la nusu duara ambalo tangu nipate akili linazibwa kwa nailoni.

"Baba," akaniambia, "wewe si unachora kwenye kompyuta? Nichoree grili. Nataka maua kama haya." Akasogeza vikombe, akavuta kitambaa cha meza alichofuma mwenyewe kwa kroshia.

Nikakitazama kitaalamu, yaani nimekunja uso. Maua yale ni maduara yaliyopandiana tu. Pale yanapokutana manne, petali nne zinagusana ncha. Nikamwambia hiyo kazi ya nusu saa.

Usiku nikachora duara la kipenyo cha sentimita 20, nikaliamuru lijirudie kila baada ya sentimita 14: safu 5 kwenda juu, 9 kwenda pembeni. Maduara 45, chai haijapoa. Nikaweka juu yake upinde wa nusu mwezi wenye fremu yake, upana mita 1.2. Kilichobaki ni kukata yaliyotokeza nje.

Nikaita trimu, ile amri ya kukata mistari, nikagusa duara. Kimya. Nikagusa jingine. Kimya. Nikalaumu kipanya, nikalaumu betri, nikamlaumu hata paka aliyekaa juu ya waya. Kumbe tangu toleo la 2012 la AutoCAD, programu ninayochorea, arei, yaani umbo lililoamriwa lijirudie, ukiitengeneza kawaida inazaliwa ikiwa kitu kimoja kilichofungamana, na trimu haikati kidole kimoja cha mwili huo. Lazima uilipue kwanza, kila duara lijitegemee. Hilo nililijua saa sita usiku.

Nikalipua. Hapo nikakutana na balaa la pili, maana trimu ya siku hizi kila mstari uliopo kwenye mchoro inaufanya makali. Unagusa duara nje ya upinde ukitegemea litakatika mpaka kwenye upinde, wapi! Linakatika mpaka kwa jirani yake tu, kinabaki kipande kama ukucha. Unagusa kile, kinabaki kingine. Nilikata kucha hadi adhana ya alfajiri.

Lakini ulipendeza. Nilikuza mchoro hadi ukajaa kioo, nikazunguka ukingo mzima, hakuna mstari uliochungulia nje hata kwa unywele. Nikatia mchoro kwenye flashi kama faili la DXF, lile linalosomwa na mashine, nikapanda baiskeli hadi kwenye karakana yenye mashine ya plazma ya kukatia chuma. Bamba la milimita 2 nilishalinunua, kwa hela ya Shangazi.

Fundi akafungua faili, akakaa kimya kidogo. "Injinia, nikate mistari yote?"

Sijalala, nimeitwa injinia, unadhani ningejibu nini? "Yote, fundi! Usiache hata mmoja."

Akanitazama kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akashusha miwani yake.

Mashine ikaanza. Cheche zikaruka, nikatoa simu nirekodi. Petali ya kwanza ikadondoka majini chini ya meza: chubwi. Nikafurahi. Ya pili, chubwi. Kisha kikadondoka kipande kilicho kati ya petali na petali, kile ambacho kwa hesabu yangu ndicho kingekuwa chuma cha grili. Chubwi. Nikaacha kurekodi. Usiku kucha nimehangaika na nje ya upinde, ndani sikuwaza hata mara moja kwamba mashine haijui ua wala shina. Inajua mstari, na kila mstari ni mkato. Nilitakiwa kuupa kila mstari unene wa pande mbili, halafu nipunguze pale inapopishana, petali zitoke na mishipa ibaki. Ilipozima, mezani kulikuwa na fremu tupu, kama mpini wa ndoo.

Nilimpelekea Shangazi ule mpini, na ndoo ya vipande. Akachota kimoja, akakipima ukali kwa kidole gumba. "Hiki kitafaa kuparia magamba ya changu," akasema, akaingia jikoni. Habari ya hela hakuisema. Afadhali angeisema.

Siku ya harusi fremu ilikuwa juu ya mlango, na kile kitambaa cha meza kimevutwa na kufungwa kwa waya nyuma yake, taa inawaka kwa ndani. Bibi mmoja upande wa bwana harusi akasimama kizingitini, kichwa juu.

"Mashaallah, nakshi gani hii?"

Shangazi akanishika bega. "Ya mwanangu huyu. Kaichora kwa kompyuta."