Rudia Mama, Picha Haijatoka Vizuri

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na yananikera mpaka leo. Mama mjane ameshapokea kifurushi chake, ameshashukuru, ameshageuka aende zake. Kijana wa kamera akamwita: "Rudia mama, picha haijatoka vizuri." Kifurushi kikatolewa mikononi mwake, kikarudi kwa mgeni rasmi, akakabidhiwa upya. "Tabasamu kidogo mama." Akatabasamu. Na mimi ninayeandika haya kwa hasira nilikuwa palepale, nimeshika ncha ya bango lenye jina la kanisa letu, meno yote nje. Mimi sikuambiwa nitabasamu. Nilijitolea.

Jamani, kuna agizo jepesi kuelewa kuliko lile la Mathayo 6? Utoapo sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Sisi mkono wa kushoto ulijua vizuri sana, ndio ulioshika kamera.

Najua mtakachoniambia, kwa sababu nimeshaambiwa: waliochanga wanataka kuona michango yao imefika. Haya, nakubali, ingawa shingo upande. Hata Paulo hakutaka kubeba peke yake michango ya kwenda Yerusalemu. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba kuna ndugu aliyechaguliwa na makanisa wa kusafiri pamoja nao, ili pasiwe na mtu wa kuwalaumu. Lakini someni vizuri: iliyochungwa pale ni mikono ya waliobeba fedha. Nyuso za waliopokea hazimo. Leteni daftari la mapato na matumizi, leteni risiti, leteni mkaguzi, nitakaa mstari wa mbele nisikilize hadi mwisho. Uso wa mjane si risiti.

Wapo pia wanaosema kazi ya kanisa ni kuhubiri, mambo ya njaa waachiwe wengine. Hao nawaelekeza Yakobo 2, panaposema imani bila matendo imekufa, nami sina cha kuongeza.

Ila picha yenyewe siyo inayonichoma zaidi. Kinachonichoma ni kwamba baada ya picha hatukurudi. Baada ya kama wiki mbili nilikwenda kwa yule mama peke yangu. Sikutumwa na mtu; tuseme dhamiri ilinisumbua, au tuseme niliona haya, yote ni sawa. Nikakuta ana kijana wake mtu mzima, amepooza, hawezi kujigeuza kitandani. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, lazima ageuzwe, la sivyo ngozi ya mgongo na nyonga inachubuka inakuwa vidonda. Na wa kumgeuza ni mama huyohuyo mmoja. Nikamuuliza swali ambalo kamati nzima haikuwahi kumuuliza: "Mama, hasa unahitaji nini?" Akanitazama kama anayepima kama namaanisha. "Mwanangu, nataka kulala. Usiku mmoja tu, nilale hadi asubuhi."

Usingizi! Kwenye kifurushi chetu hakukuwa na usingizi.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo napandwa na hasira. Sisi ni watu wa mikesha. Tunajua kukesha kuliko walinzi. Tunaimba toka jioni hadi alfajiri, tunapiga magoti, tunatoka macho mekundu tukijisifu kwamba Bwana ametutembelea. Kwaya tunayo, umoja wa wanawake tunao, umoja wa vijana tunao, tena vijana wenye nguvu za kubeba spika mbili kwa mpigo. Na katika umati wote huo hakupatikana mtu wa kukesha usiku mmoja nyumbani kwa yule mama, amgeuze kijana saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, ili mzazi wake afumbe macho. Mkesha ule hauna jukwaa. Hakuna wa kukuinulia mkono kwenye shuhuda Jumapili. Kuna harufu ya dawa, kuna shuka la kubadilisha, na kijana anayeona aibu wewe kumwona alivyo. Lakini Mathayo 25 ilipotaja mgonjwa haikusema "nilikuwa mgonjwa mkanipiga picha". Ilisema mkaja kunitazama.

Ule mfano wa Msamaria, msafiri aliyemhudumia mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi njiani, tumeuhubiri hadi umechakaa, na siku zote tunaishia kwenye mafuta na divai. Hebu nendeni mbele kidogo. Anampeleka majeruhi nyumba ya wageni, anamtunza, asubuhi anatoa dinari 2, ambazo ni ujira wa kibarua wa siku mbili, kisha anamwambia mwenye nyumba hiyo kwamba kitakachozidi atakilipa atakaporudi. Atakaporudi! Mtu wa safari, ana shughuli zake, na bado anamweka majeruhi kwenye ratiba yake. Sisi tungemwachia kifurushi tukaondoka na bango letu.

Na kuhusu nani apange huduma: yalipotokea manung'uniko kwamba wajane wanasahauliwa, Matendo 6, waliosahauliwa walikuwa wa upande wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani. Someni majina ya wale 7 waliopewa kazi: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani, kama ya upande uleule uliosahauliwa. Kwetu kamati ya wahitaji haina mhitaji hata mmoja.

Kaisari Yuliano wa Rumi, wa karne ya 4, aliyeupa Ukristo kisogo na kutaka miungu ya kale irudi, alilalamika katika barua kwamba Wakristo wanalisha maskini wao na maskini wa watu wake juu. Adui ndiye aliyeandika ripoti. Bila bango.

Nilikesha kwa yule mama Ijumaa moja. Sijisifu, nilisinzia mara mbili na kijana mwenyewe ndiye aliyeniamsha, akanicheka. Tangu hapo tumepatikana watatu, tunapokezana, si kila wiki, tunakosa pia. Nikaandika barua kwa kamati kuomba ile picha iondolewe kwenye ukurasa wa kanisa. Nimejibiwa kwamba ndiyo iliyopendwa kuliko zote mwaka huu, kwa hiyo suala langu litajadiliwa kikao kijacho.