Kidhibitijoto kimoja kwa jengo zima!

Hivi nani aliamua kwamba kidhibitijoto kimoja (kifaa kinachopima joto na kuwasha au kuzima boila, mtambo wa kuchemshia maji), tena kilichotundikwa kwenye korido, kinatosha kuamulia jengo zima la zamani linalopashwa joto kwa mvuke? Korido ikipoa, boila inawaka na mvuke wa nyuzi 100 unapanda kwa mabomba hadi kwenye rejeta, vile vyuma vya kupasha joto vyumbani. Chumba kilicho karibu na boila kinakuwa tanuri, watu wanafungua madirisha kwenye baridi kali. Wa mwisho wa bomba wanashinda na makoti ndani.

Na usithubutu kufunga nusu valvu inayoingiza mvuke kwenye rejeta. Kwenye mfumo wa bomba moja, mvuke ukishageuka maji hurudi kwa njia ileile uliyojia. Ukiibana njia, maji yananasa na bomba linagonga ngo! ngo! ngo! usiku kucha.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa ipo. Kuna valvu ya joto inayofungwa penye tundu la hewa la kila rejeta: chumba kikishapata joto, inazuia hewa isitoke, basi mvuke hauingii. Hakuna ukuta unaobomolewa. Lakini wenye jengo wao wanaongeza presha ya boila tu, eti vyumba vya mwisho navyo vipate joto. Havipati!