Siku tano nje ya dawati

Benki nyingi za Nairobi zimepunguza kozi za darasani za maafisa wa mikopo na kuweka kozi za kompyuta: unasoma kurasa, unachagua jibu kati ya manne, ukianguka unarudia hadi upite. Mameneja wa matawi wanashukuru. Idara za mikopo na za uzingatiaji wa sheria zinanung'unika, na manung'uniko yao huchukuliwa kama ya watu wanaopenda semina za Naivasha.

Meneja wa tawi ana hoja ya haki. Afisa akiwa darasani siku tano, hakuna anayewapigia simu waliochelewa kulipa. Mkopo ukivuka siku 30, kanuni za Benki Kuu zinautoa daraja la kawaida na kuuweka la uangalizi, na akiba ya kufidia hasara inapanda kutoka asilimia 1 hadi 3. Ukivuka siku 90 unaingia kundi la mikopo chechefu, na akiba inaruka hadi asilimia 20. Simu moja ya siku ya 85 yaweza kuwa na thamani kuliko kozi nzima. Tena mikopo midogo siku hizi huamuliwa na mashine. Na tuseme ukweli, baadhi ya kozi hizo zilikuwa mtu kusoma vifungu vya sheria ukutani baada ya chakula cha mchana.

Kwa mhudumu wa kaunta, kozi ya kompyuta hufundisha sehemu ya kazi: dalili za fedha haramu, kiwango cha pesa taslimu kinachopaswa kuripotiwa, nani aambiwe. Sehemu tu, lakini. Septemba 2018 Benki Kuu ilizitoza benki tano jumla ya shilingi milioni 392.5 kwa sababu ya fedha za umma zilizoibwa NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, zikapitia kwenye akaunti zao. Makosa yaliyotajwa ni ya kila siku: kutoripoti miamala mikubwa ya taslimu, kutomchunguza mteja, kukosa stakabadhi za malipo makubwa, kutopeleka taarifa za miamala ya kutiliwa shaka. Sheria hizo si ngumu kukariri. Kigumu ni kumwambia mteja mkubwa, mbele ya foleni, kwamba pesa hazitoki leo.

Kwenye mikopo yenye dhamana ya ardhi ndiko hoja ya darasa inakoeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani kuuza dhamana ni kazi ya mawakili na dalali, afisa yeye alikwisha kutoa mkopo. Hebu tuhesabu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopaji awe ameshindwa kulipa kwa mwezi mzima kabla ya notisi ya kwanza. Notisi hiyo impe muda usiopungua miezi mitatu, ieleze kosa lenyewe, kiasi kinachodaiwa, matokeo ya kutolipa, na haki yake ya kwenda mahakamani. Ikiisha, inafuata notisi ya kuuza, siku 40. Kisha dalali anatoa yake, siku 45, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Hapo ni kama miezi saba, bila mtu yeyote kukosea.

Na kukosea ni rahisi mno. Notisi inatumwa kwa sanduku la posta ambalo mkopaji aliliacha zamani, kwa kuwa hakuna aliyesasisha anwani. Notisi ya pili inaandikwa kabla ya ya kwanza kuisha. Haki ya kwenda mahakamani haitajwi. Nakala ya notisi ya kuuza haimfikii mke aliyetia sahihi ya ridhaa, au mdhamini, au mpangaji. Stakabadhi ya posta haimo kwenye faili. Thamani ya nyumba ilipimwa zaidi ya miezi 12 iliyopita. Wakili wa mkopaji anahitaji moja tu kati ya haya kupata zuio, yaani amri ya kusimamisha mnada, katika mahakama za Milimani, na kalenda inaweza kurudi mwanzo. Tazama pia makosa hayo yanaanzia wapi: anwani, ridhaa ya mke, orodha ya wapangaji. Yote hukusanywa na afisa wa mikopo siku mkopo unapotolewa, si na wakili miaka mitatu baadaye.

Kalenda ikirudi mwanzo, kuna dari linalosubiri. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakuwa chechefu, riba itakayodaiwa haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku hiyo; gharama za kudai ziko kando. Deni la msingi la milioni 3, kwa riba ya asilimia 16 inayojumlishwa kila mwezi, hufika dari kabla ya miaka minne na nusu. Kesi mbili za zuio zaweza kuimaliza miaka hiyo. Kisha mkopaji akianza kulipa tena halafu akashindwa, hesabu hufanywa kuanzia mara ya mwisho aliposhindwa. Afisa asiyejua hilo humwandikia mteja barua yenye kiasi kisicho sahihi, na barua hiyo ndiyo kielelezo cha kwanza mahakamani.

Desemba 2024 mikopo chechefu ilikuwa asilimia 16.4 ya mikopo yote ya benki nchini. Darasa halingeiondoa, wakandarasi wasiolipwa na serikali hawaponi kwa semina. Lakini kati ya mkopo ulioharibika na pesa kurudi kuna faili, na faili hujazwa na mtu.

Inabaki hoja ya mameneja inayouma zaidi: ukimfunza, benki ya jirani Upper Hill inamchukua. Kweli, anaondoka. Faili zake haziondoki. Mkopo wa nyumba huishi kuliko ajira ya aliyeutoa, na anayerithi faili lazima ajue kulisoma. Kuhama kwa maafisa, kwa hiyo, kunaongeza haja ya mafunzo.

Siku tano si amri ya mtu. Mbili zinatosha, bila ukuta wa kusomea: faili halisi la mkopo ambao benki ilishindwa kuudai mahakamani, majina yakifutwa na hukumu ikiondolewa. Kila afisa aandike notisi ya kwanza kwa mkono, apange kalenda, ahesabu dari la riba, na wakili wa benki akae upande wa mkopaji akitafuta tundu. Ifanyike katikati ya mwezi wa pili wa robo ya mwaka, mbali na presha ya kufunga hesabu, nusu ya maafisa wakibaki tawini kupiga simu za siku ya 85.