Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka bahari yetu, mbona haitajwi?

Kila ifikapo Septemba, wapenzi wa bunilizi za kisayansi huadhimisha tarehe 8 ya mwaka 1966, siku ambayo Star Trek, tamthilia ya televisheni kuhusu safari za anga, ilionyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza, na kila mara husambazwa orodha ndefu zinazochanganya historia ya televisheni na historia ya safari za anga. Orodha niliyoisoma safari hii ilinikera kiasi cha kushindwa kuiacha ipite. Ilikuwa na Sputnik ya 1957, Yuri Gagarin wa 1961, kuanza kwa tamthilia ya Uingereza ya Doctor Who tarehe 23 Novemba 1963, kutua kwa Apollo 11 mwezini, na hata tarehe 17 Septemba 1976, siku ambayo chombo cha anga cha majaribio cha Marekani kilichoitwa Enterprise, jina la chombo cha kubuni katika Star Trek, kilitolewa karakanani huko Palmdale, California, waigizaji wa Star Trek wakiwa miongoni mwa wageni. Tarehe 12 Desemba 1970 haikuwamo.

Siku hiyo, kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini nje ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, roketi ya Scout iliibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei (miale kama ile inayopiga picha za mifupa hospitalini) zitokazo angani. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba tangu kupata uhuru, na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyeusimamia mradi huo, aliipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Walioirusha walikuwa Waitalia wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio, na ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na timu ya nchi nyingine. Jukwaa lenyewe halikuwa geni kwa kazi hiyo, kwa sababu setilaiti ya Italia, San Marco 2, ilikuwa imekwisha kuondoka hapo tarehe 26 Aprili 1967, wiki mbili hivi baada ya msimu wa kwanza wa Star Trek kumalizika.

Sisemi kwamba Enterprise ifutwe. Kilipewa jina hilo baada ya mashabiki kumwandikia Rais Ford wa Marekani barua kwa wingi, na mwaka 1977 kilitumika katika majaribio ya kuruka na kutua ambayo yalikuwa ya lazima kabla ya vyombo vingine vya aina yake kuanza safari. Lakini chombo hicho hakikuwahi kufika angani. Ikiwa chombo kisichofika angani kina nafasi katika historia kwa sababu ya jina lake, basi setilaiti iliyofika, ikafanya kazi zaidi ya miaka miwili na kubadili elimu ya falaki, haiwezi kuachwa nje bila sababu, na sababu hiyo sijaiona.

Tuangalie hali ilivyokuwa kabla yake. Angahewa ya dunia huzuia eksirei, jambo ambalo ni rehema kwa miili yetu na kikwazo kwa mwanafalaki, kwa kuwa hata darubini bora iliyo ardhini haiwezi kuziona. Mwezi Juni 1962 mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi iliyokaa juu ya angahewa kwa dakika chache tu, na katika dakika hizo wakagundua chanzo chenye nguvu cha eksirei ambacho leo kinaitwa Scorpius X-1. Kwa miaka minane iliyofuata elimu hiyo iliendelea hivyo hivyo, kwa roketi za dakika chache na maputo. Mtafiti alipata mtazamo mfupi, kisha akangoja roketi nyingine, na hakuwa na njia ya kujua kama kitu alichokiona jana kilikuwa bado vile vile leo.

Setilaiti ya Uhuru iliiondoa hali hiyo. Ilizunguka dunia huku ikijigeuza polepole kwenye mhimili wake, vipokezi vyake viwili vikipita juu ya anga kama taa ya mnara inavyopita juu ya bahari, siku baada ya siku, hadi Machi 1973. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339. Ila idadi si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni kwamba kwa mara ya kwanza watu waliweza kuvitazama vyanzo hivyo kwa muda wa kutosha kuona vinabadilika. Chanzo kimoja, Centaurus X-3, ilionekana ikipiga mapigo kila baada ya sekunde 4.8 hivi, kisha ikajificha na kurudi kila baada ya siku mbili na kidogo, na kutokana na mwenendo huo ikathibitika kwamba ni nyota ya nyutroni (mabaki madogo na mazito mno ya nyota iliyolipuka) inayozungukana na nyota kubwa, na kwamba nguvu yake inatokana na gesi inayonyonywa kutoka kwa mwenzake. Maelezo hayo ndiyo yaliyoifungua elimu nzima ya nyota pacha zinazotoa eksirei.

Kisha ikaja Cygnus X-1, chanzo kingine cha eksirei. Uhuru iliona mwanga wake wa eksirei ukibadilika kwa kasi isiyo ya kawaida, chini ya sekunde moja, dalili kwamba kinachoutoa ni kitu kidogo mno. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada akifanya kazi peke yake, waliifuatilia nyota iliyo mahali hapo, wakakuta inazunguka pamoja na kitu kisichoonekana ambacho uzito wake unazidi ule ambao nyota ya nyutroni ingeweza kuubeba. Hivyo ndivyo shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka, lilivyotoka kwenye hesabu za karatasini na kuwa kitu chenye mahali pake angani. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa mchango wake katika kuasisi uchunguzi huo wa eksirei.

Nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu wetu wa fizikia alitueleza habari za Cygnus X-1 kwa shauku ambayo sijaisahau. Kitabu tulichokuwa tukikitumia hakikusema popote kwamba safari ya kukifahamu kitu hicho ilipitia Ngomeni, na darasani tulikuwamo watoto wa pwani.

Ngomeni haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta hunufaika na kasi ya dunia inayozunguka, ambayo hapo inakaribia kilomita 1,670 kwa saa, na kwa roketi ndogo kama Scout msaada huo ulikuwa na maana kubwa. Zaidi ya hapo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa kwa kiasi kikubwa lile eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini na kuvisumbua vipokezi. Mtu anayesema kwamba pwani yetu ilikuwa mahali pa kuegesha tu, anasema hivyo kwa kutoijua kazi yenyewe.

Ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba tamthilia nazo zinatudai. Hoja ya kwamba Star Trek ilitabiri simu ya mkononi hainigusi hata kidogo. Kinachonigusa ni Nichelle Nichols, aliyeigiza Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano ambaye jina lake lilitokana na neno letu, na ambaye mwaka 1977 alizunguka Marekani kwa niaba ya NASA akiwahimiza wanawake na watu wasio Wazungu waombe kazi ya uanaanga. Kundi la watu 35 lililotangazwa Januari 1978 lilikuwa na wanawake sita, miongoni mwao Sally Ride, na lilikuwa na Guion Bluford, Ronald McNair na Frederick Gregory. Mae Jemison, aliyekwenda angani Septemba 1992 akiwa mwanamke wa kwanza Mweusi kufanya hivyo, amesema waziwazi kwamba Uhura alimtia moyo tangu utotoni. Hilo ni tukio la kihistoria, na ni haki liandikwe.

Ninakubali pia kwamba roketi ilikuwa ya Marekani, warushaji walikuwa Waitalia, na hati za kisayansi ziliandikwa Marekani. Mkenya hakuwa na usemi mkubwa katika mradi huo, na hilo ni jambo la kusikitisha, lakini si sababu ya kuufuta mahali ulipofanyika. Hakuna anayeuliza utaifa wa mchanga wa Florida kabla ya kuitaja Apollo. Tena lawama si ya wageni peke yao. Sisi wenyewe tulishangilia, na kwa haki, setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliporushwa kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Aprili 2023, lakini katika shangwe nyingi nilizozisikia mazungumzo yalianzia hapo, kana kwamba kabla ya siku hiyo Kenya haikuwa na historia yoyote ya anga ya kusimulia.

Historia hiyo wala haijafungwa. Urushaji wa mwisho kutoka kwenye jukwaa lile ulikuwa mwaka 1988, lakini kituo cha nchi kavu huko Malindi kiliendelea na kazi ya kupokea data. NuSTAR, darubini ya eksirei iliyorushwa mwaka 2012, huteremsha data zake Malindi. IXPE, darubini nyingine ya eksirei, iliyorushwa Desemba 2021 na kuwekwa katika mzingo unaofuata ikweta kwa karibu sana, nayo hutumia kituo hicho hicho, na mwaka 2022 moja ya vitu ilivyovichunguza ilikuwa Cygnus X-1.