Angalia ndani ya mfuko wa taka kabla hujaufunga

Hivi nani kati yetu anajua kilichomo kwenye ndoo yake ya taka sasa hivi? Kujua kabisa, sio kukisia. Wengi tunafunga mfuko harakaharaka huku tumegeuza uso sababu ya harufu, tunautoa nje, basi. Mimi naona hapo ndo tunapokosea, maana hakuna kitu ndani ya nyumba kinachotusema ukweli kama hiyo ndoo.

Kulikuwa na mwanaakiolojia anaitwa William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, mwaka 1973 alianza na wanafunzi wake kuchambua takataka za majumbani kwa umakini uleule wa kuchimbua magofu, wakagundua kwamba watu wakiulizwa wanatumia nini majibu yao hayafanani na kilichomo kwenye taka, kwenye bia kwa mfano watu walitaja chache ila makopo yakasema mengine. Na sio wote walikuwa wanadanganya, mtu hawezi kukumbuka kitu ambacho hajawahi kukitazama. Baadae walichimba madampo wakakuta magazeti ya miaka mingi bado yanasomeka! Sisi tunajipa moyo kwamba vitaoza tu, kumbe kule taka zimeshindiliwa, hewa haipiti, na chakula kikioza bila hewa kinatoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia joto mara zaidi ya 80 kuliko kaboni dioksidi.

Chakula ndo kinaniuma zaidi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, linakadiria mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 hivi ilitoka majumbani, yani sio mahotelini wala madukani, ni sisi. Ukichungulia vizuri utakuta nyanya imelainika upande mmoja tu na upande wa pili bado mzima kabisa, mkate una ukungu ila hata nusu haujaliwa, karoti zimenyauka kwenye mfuko uleule zilizonunuliwa nao. Kama kila wiki kinachotupwa ni kilekile basi shida haiko kwenye ndoo, iko kwenye manunuzi, na hilo hulijui mpaka uangalie.

Afu kuna vitu vidogo ambavyo tunavitupia tu humo. Betri ya lithiamu, kama ile ya simu, ikipondwa ndani ya gari la taka inaweza kuwaka moto, na glasi iliyovunjika ikitupwa hivihivi itamkata anayebeba huo mfuko, mtu ambaye hata jina lake hatulijui na ndo anatusafishia kila siku. Jamani, glasi ifunge kwenye karatasi nene au iweke kwenye boksi kwanza, na betri usiichanganye na taka zingine kabisa, iweke pembeni mpaka upate wanaopokea vifaa vya umeme vibovu.