Eti, Ulimwona Messi?

Tangu nirudi Mtwara kutoka Qatar, sijapata kununua hata fungu moja la dagaa pale Feri bila kuulizwa iwapo nilimwona Messi. Jamani, ningemwonea wapi? Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa walipotoka sare ya mabao 3-3 wakaenda kupigiana penalti, mimi nilikuwa chini ya majukwaa ya uwanja wa Lusail, nimeinamia sinki lenye masufuria ambayo ndama angeweza kuogeshwa ndani yake, povu likinifika viwikoni. Bao nililijua kwa dari kutetemeka. La nani, nilisubiri mpaka mpishi mmoja Mnepali achungulie simu yake. Halafu mjomba wangu, aliyeitazama mechi nzima kwenye kibanda umiza huku akitafuna korosho, anasema nimerudi na maringo kwa kuwa sisimulii! Nimsimulie nini, mafuta yaliyoganda? Ndugu zangu mliowahi kupika, kufua au kufagia kwenye mashindano ya wakubwa, nanyi mnasumbuliwa hivi? Jana mtoto wa jirani ameniomba jezi. Nilichorudi nacho ni aproni, tena ina doa la mchuzi.